Tafuta tundu kabla hujapaka rangi

Wengi wanaopanda ngazi za ofisi yangu hapa Michenzani huanza na maneno yale yale: "Nataka logo mpya, hii haileti wateja." Kutengeneza logo ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo ilinipasa nifurahi. Lakini tukikaa tukanywa chai, tukaifungua simu yake pamoja, karibu kila mara naona maji yanaingia kwengine. Ujumbe wa juzi haujajibiwa. Bei haipo. Lebo haisomeki bila miwani. Duka kwenye ramani limewekwa baharini, jirani na Changuu.

Chombo kinachovuja hakipakwi rangi. Nahodha huteremka ngamani akatazama maji yanatokea wapi, ndipo akatia kalafati. Hizi hapa ni dalili ninazoletewa zaidi, kutoka Unguja na Pemba, na mahali ambapo kwa kawaida tundu huonekana.

Pima kwanza

Chukua daftari uandike namba nne za mwezi uliopita: watu wangapi walikuona, wangapi waliuliza, wangapi walilipa, na wangapi kati ya waliolipa walishawahi kununua kwako. Namba ya kwanza utaipata Instagram na Facebook, kwenye takwimu za ukurasa wako. Ya pili ihesabu mwenyewe kwenye WhatsApp, uongeze waliopiga simu na walioingia dukani. Mbili za mwisho zimo kwenye kitabu cha mauzo. Kama huna kitabu cha mauzo, basi tundu la kwanza tumeshaliona.

Usishituke ukikuta waliokuona ni elfu nne na waliouliza ni arubaini. Mtandaoni watu hupita kama wanavyopita Darajani mkesha wa sikukuu. Chenye habari ni mwezi huu ukiuweka kando ya mwezi wa nyuma. Waliokuona ni wale wale lakini waliouliza wamepungua nusu? Kitazame unachokionyesha. Waliouliza ni wengi, waliolipa ni watatu? Usiguse picha wala rangi, shida iko kwenye mazungumzo. Na kama riziki yako inatoka kwa wageni, linganisha na mwezi kama huo wa mwaka jana, maana Aprili ya masika na Agosti hazishindanishwi.

Wanauliza bei, kisha kimya

Hii naiona kuliko zote, na kuitibu ni rahisi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Soma mazungumzo haya ya muuza sabuni mmoja. Nimeyabadilisha ili mwenyewe asijulikane.

"Asalaam alaykum. Sabuni ya mwani bei gani?"

Saa sita baadaye: "Waalaykum salaam. Njoo inboksi."

"Niko inboksi, dada'angu."

"Unataka ipi?"

"Ile ya kwenye picha."

Kesho yake asubuhi: "Picha ipi?"

Mteja yule ameshanunua kwengine, na ameshaogea.

Wenye biashara huniambia wanaficha bei ili mshindani asiione. Ndugu yangu, mshindani wako anaijua tangu juzi. Alimtuma mpwawe akaulize. Asiyeijua ni mteja. Na mteja wa kwetu ana haya: akiuliza bei halafu akashindwa, anaona kama kajidhalilisha, basi bora asiulize kabisa. Ukificha bei unawafukuza hao kimyakimya, na hawaonekani kwenye hesabu yoyote.

Pakua WhatsApp Business, ni bure, ujaze katalogi yake. Kila bidhaa iwe na picha yake, jina, uzito na bei. Andika kama unavyomwambia mtu aliyesimama mbele yako: "Sabuni ya mwani na karafuu, gramu 100, shilingi 5,000. Mjini tunaleta kwa bodaboda, unalipa ukipokea. Pemba tunapakia kwenye boti, unalipa kwanza, unapokea Mkoani." Bei hiyo ni mfano tu, weka yako. Maswali matano unayoulizwa kila siku yaandikie majibu mafupi uyahifadhi humo humo, uwe unayatoa kwa kubonyeza mara moja badala ya kuandika upya huku unakoroga sabuni.

Kisha weka salamu inayojituma yenyewe: "Karibu. Tunajibu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Ijumaa tunafunga saa tano na nusu, tunarudi saa nane." Mtu akijua utamjibu lini, husubiri. Ramadhani zibadilishe saa hizo, kwa sababu ununuzi mwingi huhamia baada ya tarawehi, na ukijibu saa tatu asubuhi unajibu watu waliolala.

Kuna tatizo jengine humu ambalo watu hawapendi nilitaje: bei mbili, ya mgeni na ya mwenyeji, kwa kitu kile kile. Zamani iliwezekana. Sasa mgeni anapiga picha, anaweka mtandaoni, na mwenyeji wa hoteli yake anamwambia alivyolipa yeye. Kama unataka kuuza ghali kwa watalii, tengeneza kitu cha ghali: kifurushi cha zawadi, kikapu kidogo cha ukili, kadi yenye maelezo. Hapo utakuwa na bidhaa mbili zenye bei mbili, na hakuna aliyedanganywa.

Nzuri kwenye simu, imekufa kwenye karatasi

Mwaka wangu wa pili kazini nilimtengenezea muuza viungo lebo ya kijani kibichi, juu ya pakiti za karatasi ya kaki. Kwenye kompyuta ilikuwa inameremeta. Zilipotoka kwa mpiga chapa, kijani kilikuwa rangi ya matope, na hiliki haikutofautika na pilipili manga mpaka uifungue. Pakiti elfu mbili. Nililipa nusu ya hasara kutoka mfukoni, na hadi leo nikipita pale dukani natazama upande wa pili.

Kosa langu lilikuwa hili. Simu na kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga, kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya chapa hutumia wino wa rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna rangi za mwangani ambazo wino hauwezi kuzifikia, hasa kijani na buluu zinazong'aa. Juu ya hayo, wino wa chapa hupitisha mwanga, kwa hiyo karatasi ya kaki iliyo chini huchanganyika nao. Ukitaka rangi ibaki kama ilivyo, chapa kwanza wino mweupe chini yake, au tumia stika nyeupe. Njia ya rahisi zaidi ni kuchapa nyeusi tupu juu ya kaki. Inapendeza kuliko watu wanavyodhani.

Kama shida yako ni picha yenye ukungu, kingo zikiwa na vijiraba, basi sababu ni faili. Umempa mpiga chapa picha uliyotumiwa kwa WhatsApp, nayo WhatsApp huibana picha ili iende haraka. Mwombe aliyekutengenezea logo akupe faili la vekta, yaani SVG, AI au PDF iliyohifadhiwa vizuri, ambalo halivunjiki hata ukilikuza lifunike ukuta. Ukimtumia mwenzio kwa WhatsApp, litume kama hati, usilitume kama picha. Picha za kawaida za bidhaa zinazokwenda kwenye chapa ziwe na nukta 300 kwa kila inchi, kwa ukubwa ule ule zitakaochapwa.

Na rangi zikipauka? Ukipita barabarani utaona mabango ya zamani yamebaki buluu tupu: jua hula njano na majenta mwanzo, samawati hubaki. Bango la nje likae upande wa kivuli, au lipate wino unaostahimili jua. Lebo ya chupa ya mafuta isiwe ya karatasi, maana tone moja tu likiteremka imeshaloana. Tumia stika ya plastiki.

Kabla hujaagiza kwa wingi, dai sampuli moja iliyochapwa juu ya kifungashio chenyewe. Itazame kwa umbali wa hatua nne. Kisha ichape logo yako kwa nyeusi, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Ikiwa huitambui hapo, ina michirizi mingi kuliko inavyohitaji.

Mnafanana nyote

Dalili yake ni kwamba mteja anakusifu kwa kitu alichokiuza jirani yako. Au anakutaja, "lile duka la viungo, lenye jahazi," na maduka yenye jahazi ni manane.

Jahazi, mlango wa misumari ya shaba, mnazi, jua likizama. Nimewahi kuombwa jahazi na fundi wa majokofu. Sina ugomvi na jahazi, ila likiwa la kila mtu halimtambulishi yeyote.

Hapa tuna mwalimu mzuri kabatini mwa mama zetu. Kanga ina pindo, mji na jina. Pindo huizunguka ikaifunga pamoja. Mji ni pale katikati panapokamata jicho. Jina ndilo linalosema, na watu hununua kanga mbili za mji mmoja kwa sababu ya majina tofauti. Itazame biashara yako hivyo hivyo. Pindo ni rangi mbili na aina moja ya herufi unazozirudia bila kuchoka kwenye lebo, mfuko, bango na posti. Mji ni kitu kimoja, kimoja tu. Jina ni sentensi ambayo jirani yako hawezi kuisema bila kusema uongo. Biashara nyingi ninazoletewa zina miji mitano na jina hazina.

Jaribu hivi: chukua posti zako tatu na lebo moja, lizibe jina lako kwa kidole, umwonyeshe mtu anayekufahamu. Akishindwa kusema ni zako, huna pindo.

Wapemba nina neno nao maalumu. Sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi hutoka Pemba, halafu mtu wa Wete anafungasha viungo vya shamba lake mwenyewe na kuandika "Zanzibar Spices" kama mamia ya wengine. Andika Pemba. Andika Konde, kama ni Konde kweli. Wageni wanaosoma lebo wanatafuta mahali penye jina, na wewe unalo jina ambalo maduka ya mjini hayana. Ila ukitaka kufungasha karafuu zenyewe, pita kwanza ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, uulize utaratibu, kwa sababu ununuzi wa karafuu kutoka kwa wakulima uko mikononi mwao.

Ukishapata kilicho chako, kilinde. Kusajili jina la biashara na kusajili alama ya biashara ni mambo mawili, na wengi hufanya la kwanza wakadhani wamemaliza. Kwa Zanzibar yote mawili hufanywa BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Alama iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa Bara, hulinda upande wa huko. Huku tuna sheria yetu, ya Mali za Viwanda, Namba 4 ya 2008, na rejista yetu. Anayeuza pande zote mbili asajili pande zote mbili. Na ukiwa umetengeneza logo kwa kiolezo cha Canva, ile programu ya kubuni picha mtandaoni, ujue michoro iliyomo inatumiwa na maelfu ya wengine, na masharti ya Canva wenyewe hayakuruhusu kuisajili kama alama yako.

Pesa za tangazo zimekwenda, oda hakuna

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," wazee huniambia nikitaja tangazo. Zamani chema kilikuwa kimewekwa barazani, kila mpita njia anakiona. Sasa mpita njia ameinama anatazama simu.

Lakini kubusti posti kiholela ni kumwaga maji pwani. Nyumba moja ya wageni upande wa Jambiani ililipia tangazo, ikachagua eneo "Zanzibar", ikapata laiki nyingi kutoka kwa vijana wa mjini ambao hawana sababu ya kulala hotelini Jambiani. Mgeni wake huamua akiwa Milan au Warsaw, miezi kabla hajapanda ndege. Yule akishafika hapa ameshalipa chumba kwengine. Muuza chakula wa Paje hali yake ni kinyume: yeye anamtaka aliyeko Paje leo, mwenye njaa.

Kosa la pili ni lengo. Ukiuambia mfumo wa Facebook au Instagram unataka laiki, utakutafutia watu wenye mkono mwepesi wa kubonyeza laiki, na hao si lazima wawe wanunuzi. Chagua ujumbe wa WhatsApp, kama ndiko unakouzia.

Kosa la tatu ni wakati. Fundi wa kanzu anayetangaza kumi la mwisho la Ramadhani anatangaza wakati vitambaa vimeshajaa kwa mafundi wenzake. Shaabani ndio mwezi wake.

Anza na pesa ambayo ikipotea hutalala na hasira. Weka matangazo mawili yanayotofautiana kitu kimoja tu, picha au maneno, uyaache wiki nzima bila kuyagusa. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajifunza lolote.

Mgeni anazunguka vichochoro, hakuoni

Mji Mkongwe humpoteza hata aliyezaliwa Kikwajuni. Sajili duka lako kwenye ramani ya Google. Ni bure, na mara nyingi wataomba video inayoonyesha njia, bango na ndani ya duka. Simama mlangoni mwenyewe uiweke alama pale pale. Tafuta kama kuna duka lako jengine lililowekwa na mgeni fulani miaka iliyopita kwa tahajia nyengine, uombe yaunganishwe. Jina liandikwe namna moja kila mahali: ukiwa "Duka la Bibi" kwenye bango, "Dukalabibi Znz" Instagram na "Bibi Shop" kwenye ramani, wewe ni watu watatu.

Picha ya kwanza isiwe ya bidhaa. Iwe ya mlango, iliyopigwa kutoka kichochoroni, ili mtu akifika ajue amefika. Bango la ukutani Mji Mkongwe usilitoboe kabla hujaiuliza Mamlaka ya Hifadhi. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000 na kuta zake si zako peke yako.

Ukurasa uko kwa kijana aliyekwenda Muscat

Alifungua kwa barua pepe yake, kwa namba yake, akapata kazi Oman, akaondoka. Yeye hana ubaya, ila namba ile imekufa na wafuasi elfu sita wamebaki upande wa pili wa mlango. Mpigie leo, angali anapokea. Akubadilishie barua pepe na namba ziwe za biashara, akuweke wewe kuwa msimamizi mkuu, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. Anwani ya tovuti nayo iandikishwe kwa jina lako, wala isiwe kwa jina la fundi. Hata fundi huyo akiwa mimi.

Mteja kalalamika mbele ya watu

Biashara haigombi. Jibu siku hiyo hiyo, mara moja, kwa ufupi: pole, kilichotokea ni hiki, tumefanya hivi, namba yetu ni hii. Usifute, labda awe ametukana. Maelezo marefu ya kujitetea huwa yanasomwa na wateja kumi wengine waliokuwa hawajui kama kulikuwa na tatizo.

Kila kitu kimekaa sawa, na bado

Waliokuona wapo, waliouliza wapo, waliolipa wapo. Wanaorudi ndio hawapo. Hapa mimi na logo zangu hatuna la kufanya, kwa sababu tundu liko ndani ya chupa.

Bibi mmoja wa kusini alikuja kwangu na mafuta yake ya nazi. Lebo safi, bei wazi, ujumbe anajibu kabla hujameza mate. Alitaka logo mpya. Nilimwomba chupa iliyokaa miezi miwili, nikaifungua, na ile harufu ikaenea ofisi nzima. Mafuta yalikuwa yamebaki na maji kidogo, na chupa zilijazwa kabla hazijakauka. Tuliongea zaidi ya saa moja juu ya moto, kukausha na chupa za rangi nyeusi, na nikamwelekeza apite ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa, aulize kinachotakiwa kwenye lebo ya mafuta ya kupaka. Pesa ya logo sikuipokea.

Alirudi baada ya miezi mitatu na chupa mkononi, akaifungua mwenyewe mbele yangu. Logo tukaiacha ile ile. Tulichoongeza ni tarehe ya kutengenezwa, chini ya jina, kwa herufi za kusomeka bila miwani.